Sungura wa Mama Mkwe

Mimi nauza nafaka soko la Majengo, hapa Dodoma. Mama yangu aliuza nafaka Majengo, na kabla yake bibi yangu aliuza mtama kwa kibaba mtaa huohuo. Kwa hiyo chuki yangu kwa panya sikujifunza ukubwani, niliikuta nyumbani kama nilivyokuta dini. Nikiwa na miaka saba nilikuwa najua kutega mtego wa waya bila kujibana kidole. Nimewahi kumkimbiza panya kutoka kibandani kwangu mpaka kwa muuza viatu, mwiko mkononi, wateja wananisubiri mizanini, na sikurudi mpaka nilipommaliza.

Ndiyo maana mwanangu wa kike alipofika nyumbani kwetu Ihumwa na boksi la viatu lililotobolewa matundu, akaliweka juu ya meza ya chakula na kusema, "Mama, kaa kwanza," nilikaa, lakini nilikaa nikiwa nimeshavua ndala moja na kuishika mkononi.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasoma mambo ya viumbe. Ndani ya boksi walikuwamo panya wawili weupe kama pamba, wenye macho mekundu na mikia ya rangi ya kitoto kichanga. Walikuwa wametumika katika mazoezi ya maabara, wakipimwa uzito na kupitishwa kwenye vinjia vya mbao. Mazoezi yalikuwa yamekwisha na wangeuawa. Yeye na wenzake wakaomba wapewe wawagawane.

"Ni wiki mbili tu, mama. Naenda mafunzo kwa vitendo, nikirudi nawachukua."

"Ukishawachukua unawapeleka wapi?"

Akasema, "Ni ndugu, wote wa kike. Hawatazaa."

"Mwanangu, mimi watu wananiamini kwa sababu gunia langu halina kinyesi cha panya. Leo nikaonekane nafuga?"

Baba yake alikuwa kwenye kochi. Alikuwa amestaafu miezi mitano iliyopita baada ya kufanya kazi ya masjala maisha yake yote, kupokea mafaili, kuyapa namba na kuyatafuta yanapopotea. Tangu astaafu aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, kupiga pasi shati na kulivaa, kisha akakaa nalo kwenye kochi mpaka jioni. Hakulalamika. Hakuomba kitu. Nikimuuliza ale nini, alisema chochote. Siku ile aliinuka, akaja mezani, akaingiza kidole ndani ya boksi. Panya mmoja akakishika kile kidole kwa mikono yote miwili na kukikagua taratibu, huku na huku, kama mtu aliyeletewa barua asiyoitegemea.

"Waache," mume wangu akasema.

Lilikuwa jambo la kwanza kulitaka tangu astaafu. Nikavaa ndala yangu. Niliweka masharti matatu: wasiingie jikoni, mtu yeyote wa sokoni asijue, na mimi nisitakiwe kuwagusa hata kama nyumba inaungua.

Wiki mbili zilipita, mwanangu akaongeza nyingine mbili, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Mume wangu alitengeneza kizimba cha mbao na waya wa matundu madogo, chenye ghorofa tatu, ngazi na kijumba cha kulala kilichokatwa kwenye ndoo ya rangi. Chini alimwaga maranda kutoka kwa fundi seremala. Alijifunza kwamba panya hashikwi kwa mkia, anabebwa kwa viganja viwili. Alijifunza kwamba meno yao hayaachi kukua, hivyo lazima wapate kitu kigumu cha kutafuna, la sivyo watatafuna nyumba. Na akafungua faili. Nasema faili kweli, lenye jalada, kamba na namba juu. Nililisoma siku moja akiwa bafuni.

"Saa 2:15 asubuhi. Mkubwa amekula alizeti. Mdogo ameiona, hakuchukua hatua."

"Saa 4:00. Kuhusu mchicha: umekataliwa na wote."

"Saa 4:40. Zabibu moja imetolewa. Kumetokea mgogoro. Zabibu ya pili imetolewa. Suala limefungwa."

Nililirudisha faili mahali pake. Mwanaume alikuwa amepata kazi.

Tatizo lilianza mama mkwe alipokuja. Yeye anaishi upande wa Buigiri, ni Mgogo wa kulima, amezaa watoto saba na kuwalea kwa uwele na mtama aliougombania na ndege mchana na panya ghalani. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Mume wangu alimleta ili apasuliwe jicho moja hospitali mjini, kisha apumzike kwetu. Mimi na mkwe wangu tulikuwa tunaheshimiana vizuri, kila mtu kwenye kona yake. Aliniita "mtu wa mjini", na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujua kama lilikuwa sifa au lawama.

Kabla hajafika nilimwambia mume wangu, "Mama yako akijua tunawalisha panya mtama kwenye kisahani, atakufa kabla ya kupasuliwa."

"Haoni," akasema.

"Masikio anayo."

Tulikihamishia kizimba stoo na kukifunika kitenge. Asubuhi ya kwanza, tukiwa tunakunywa uji, mama mkwe aliinua kichwa akasikiliza.

"Kuna kitu kinatafuna humo ndani."

Niliangalia kikombe changu. Mume wangu ni mtu ambaye hawezi hata kumwambia mgeni kwamba anatoka wakati hatoki. Sijawahi kumsikia akidanganya. Nadhani ndiyo sababu alidanganya vibaya namna ile.

"Ni sungura, mama."

"Mnafuga sungura?"

"Wawili."

"Nipakatie mmoja. Sijashika sungura tangu utoto."

Alikwenda stoo akarudi na yule mkubwa, ambaye alikuwa mtulivu zaidi, akamweka juu ya mapaja ya mama yake. Mimi nilihamia mlangoni. Mama mkwe aliweka viganja vyake juu ya yule mnyama, akampapasa mgongo, akapanda kichwani, viganja vikasimama.

"Masikio yako wapi?"

"Ni madogo, mama. Hii ni mbegu ya kizungu."

Viganja vikarudi nyuma polepole, vikafika mwisho wa mgongo, vikaendelea. Vikaendelea tena.

"Na huu?"

"Mkia," mume wangu akasema.

Mama mkwe alifikiri. "Basi walichopunguza masikioni wamekiongeza nyuma," akasema, akaendelea kumpapasa.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ilikuwa na sungura. Hospitali walimpima mama wakakuta presha iko juu, wakampa vidonge na kusema hawawezi kumpasua mpaka ishuke, arudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili alizikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, yule mkubwa amelala ndani ya mkunjo wa kitenge chake. Kila asubuhi alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akasubiri kidogo kama anayempa nafasi ya kuitikia, kisha akaanza kumweleza habari za watu. Nilipokuwa narudi kutoka sokoni nilimkuta amemfikisha mbali, yuko kwa shangazi fulani aliyekimbia na ng'ombe wa mahari. Panya husaga meno taratibu anapojisikia raha, kamlio kadogo kama mtu anayesaga kwa jiwe nyumba ya tatu. Mama mkwe aliupenda mlio ule. Alisema huyo sungura anamwelewa.

Tuliporudi hospitali presha ilikuwa imeshuka. Nesi alisifu vidonge. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama kwa namna ya kumwambia asithubutu kuliandika hilo kwenye faili. Aliliandika.

Siku nne kabla ya upasuaji, mkubwa alianza kupiga chafya. Pua na kona za macho zikawa na kitu chekundu. Mume wangu alidhani ni damu, akakaa chini. Alimpigia simu mwanetu, ambaye alisema si damu, ni majimaji ya panya yanayotoka na rangi ile akiumwa au akiwa na hofu, lakini kifua kiangaliwe, ampeleke kwa daktari wa mifugo. Mama mkwe alisikia chafya, akasikia simu, akaagiza apewe viatu vyake.

"Mimi nakwenda naye."

"Mama, kuna vumbi."

"Amenipakata mimi, au wewe?" akauliza. Alimaanisha kinyume chake, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Tukapanda bajaji watu watatu na ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa. Kwa daktari kulikuwa na benchi, mwanaume mmoja na mbuzi aliyevimba tumbo, na mwanamke na kuku wawili. Mama mkwe aliwasalimia wote na kuwaambia sungura wake ana mafua. Zamu yetu ilipofika, daktari, kijana mnene mwenye buti za mpira, alifungua mfuniko. Akaangalia. Akamwangalia mume wangu.

"Mzee, huyu ni..."

"Sungura," mume wangu akasema, akakohoa. Nyuma ya mgongo wa mama yake alikuwa amekutanisha viganja kama mtu anayesali. "Sungura wa mama yangu. Mama haoni vizuri. Anampenda sana."

Daktari alinitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Basi akavuta kiti, akamtoa mkubwa kwa viganja viwili, vizuri kabisa, akamsikiliza kifua kwa kifaa ambacho kilikuwa kikubwa kuliko mgonjwa.

"Shikamoo mama. Sungura wako analalia nini?"

"Marahaba. Maranda ya mbao."

"Hayo ndiyo yanayomuumiza. Vumbi la mbao na harufu yake. Sungura wa aina hii," na hapa alimeza mate, "ana kifua chepesi. Mpeni vitambaa au magazeti yaliyochanwa, na kizimba mkioshe mara kwa mara. Nitampa dawa ya matone ndani ya maji."

Kwenye daftari lake niliona ameandika "sungura" na kuweka alama ya kuuliza. Yule mwenye mbuzi alikuwa amenyoosha shingo akaona kila kitu. Tulipopita aliondoa miguu yake njiani kwa heshima, asiseme neno. Watu wa Dodoma wana ustaarabu ambao hausemwi vya kutosha.

Mkubwa alipona. Mume wangu akachana magazeti yake yote ya miaka ya kazini. Na mama mkwe akapasuliwa jicho la kulia, akalala hospitali, asubuhi yake bandeji ikatolewa. Nilikuwepo. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Umenenepa," akasema, na machozi yakamtoka, nami yakanitoka.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani alishangaa kila kitu: nguzo, mabati, rangi ya mashati ya watu. Halafu akasema, "Sasa nikamwone sungura wangu."

Nilimwandikia mume wangu ujumbe wa maneno mawili: "Anataka kumwona." Alinijibu, "Tayari." Sikuelewa tayari ni nini mpaka tulipofika. Alikuwa amekwenda kwa jirani anayefuga, akanunua sungura halisi, mweupe, dume kubwa lenye masikio marefu. Alikuwa amelishika kifuani, naye kavaa shati la pasi, jasho linamtiririka kwenye paji la uso.

"Karibu mama. Huyu hapa."

Akamweka mapajani mwake. Yule sungura alikaa labda kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu. Kisha akapiga teke kwa miguu ya nyuma, akamkwaruza mama mkono, akamkojolea kitenge na kuruka chini ya kochi. Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwinamia, akamtazama kwa lile jicho jipya, masikio, miguu, kale kamkia kama kifundo cha uzi.

"Huyu ni sungura?"

"Ndiyo, mama."

"Sungura kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi yule mwingine alikuwa nini?"

Mume wangu alifungua mdomo na nikaona uongo mwingine unajaribu kuja, ukashindwa. Mwenyewe alionekana kama aliyetua gunia.

"Alikuwa panya, mama."

Mama mkwe aliangalia viganja vyake kama alivyoviangalia hospitali. Akainuka peke yake, akatoka uani. Nilisikia bomba linafunguka. Alinawa kwa sabuni, akaniomba majivu, akanawa kwa majivu, akanawa tena kwa sabuni.

Kuanzia hapo hakusema na mwanawe. Walikuwa wanakula meza moja, lakini mazungumzo yote yalipita kwangu.

"Mwambie mwenye nyumba chumvi iko mbali."

Mume wangu anamsogezea. "Mama, nisamehe. Nilitaka tu..."

"Mwambie mwenye nyumba mimi nimelinda ghala langu maisha yote. Nimefiwa na mume, sikuliacha ghala. Leo mtoto wangu wa kuzaa ananipakatisha adui, nami namweleza siri za ukoo."

Alitaka kurudi Buigiri siku hiyohiyo, lakini hospitali walikuwa wamesema asiondoke mjini mpaka aangaliwe tena baada ya wiki, na kila siku atiwe dawa ya matone mara tano. Hakukubali mwanawe amtie. Kazi hiyo ikawa yangu, nikawa naacha biashara kwa shoga yangu wa kibanda cha jirani na kuwahi nyumbani. Mama alilala kitandani, namtia tone moja, anafumba macho na kukaa hivyo dakika tano dawa iingie. Mume wangu alihamia stoo mchana kutwa. Akawa halili vizuri. Faili halikuandikwa.

Siku ya tatu, baada ya tone la mchana, mama mkwe alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, mikono juu ya tumbo.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Yule wa mafua alipona?"

"Amepona, mama."

Nje kuku walikuwa wanachakura.

"Niletee."

"Nikuletee nini, mama?"

"Unajua. Macho yangu yamefumbwa. Mtu aliyefumba macho hajui ameshikishwa nini."

Nilisimama pale. Mume wangu alikuwa amekwenda kuoga, na dakika zilikuwa tano tu. Nilikwenda stoo, nikafungua kile kimlango, nikamwona mkubwa amesimama wima, ameshika waya kwa vidole vyake, ananingoja. Kwa miezi yote ile sikuwahi hata kumgusa kwa fimbo. Nilikusanya viganja kama anavyofanya mume wangu, nikamwinua. Hakuwa baridi kama nilivyofikiri maisha yangu yote. Alikuwa na joto la mkate, na chini ya vidole vyangu moyo wake ulikuwa unakwenda haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Nilitembea naye ukumbini nikiwa nimenyoosha mikono mbele kama mtu aliyebeba sufuria ya mafuta ya moto, nikisema kimoyomoyo, nisamehe mama, nisamehe bibi.

Nilipomweka juu ya kitenge, mama mkwe alimpapasa mara moja, kuanzia kichwani mpaka mwisho wa mkia.

"Mbukwa," akasema.

Mkubwa akaanza kusaga meno.

Basi ikawa hivyo, mara tano kwa siku. Siku ya tano niliona dakika tano zimekuwa kumi. Siku ya sita aliniuliza kama saa ya dawa haijafika, na ilikuwa ndiyo kwanza tumemaliza. Nilimwambia dawa ikizidi si nzuri. Akasema hajasema dawa, amesema saa.

Siku ya saba, kabla ya kwenda kuangaliwa, alikuwa amelala na yule mkubwa kifuani, mimi nimekaa pembeni ya kitanda. Nikaona jicho la kulia limefunguka. Alikuwa anamtazama. Mkubwa naye alikuwa anamtazama, ndevu zinatetemeka.

"Ana macho mekundu," mama mkwe akasema. "Hata yeye wangempasua." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Mwite huyo aliyejificha stoo. Mwambie nimechoka kula naye kama mahakamani."

Mume wangu alikuja akasimama mlangoni na shati lake la pasi. Mama yake alimwambia akae. Alimwambia kwamba kudanganya hakuwezi, asijaribu tena, ametia aibu mpaka kwa daktari wa mbuzi. Akamwambia yule sungura halisi achinjwe kwa sababu ana tabia mbaya. Tulimla mchana ule kwa ugali wa uwele. Mume wangu alikula mboga tu.

Mama alirudi Buigiri akituapisha tusimwambie mtu kijijini wala kanisani. Lakini kila Jumapili jioni alipiga simu, na baada ya kuuliza hali yetu kwa heshima zote, aliuliza za wale wawili kwa kirefu zaidi. Mwanangu alimaliza chuo, akapata kazi mkoa mwingine, akasema sasa anaweza kuwachukua. Baba yake alimwambia atafikiria, na hakufikiria.

Panya hawaishi sana. Miaka miwili, mitatu ukiwatunza. Mdogo alitangulia, kimyakimya, ndani ya kijumba cha ndoo. Mwanangu alikuwa ametuambia mmoja akibaki peke yake hunyong'onyea, kwa hiyo mume wangu akawa anatembea na mkubwa ndani ya mfuko wa shati, mpaka kwenye mkutano wa mtaa. Mama mkwe, aliposikia, alipanda basi bila kuitwa, akashuka na mfuko wa karanga, akakaa kwetu zaidi ya mwezi. Walikuwa wanapokezana, mama na mwana, asubuhi mmoja, jioni mwingine, na mkubwa akiwa kizee, miguu ya nyuma imelegea, wanamlisha uji kwa ncha ya kijiko. Alikufa mchana mapajani kwa mama mkwe. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema, na kesho yake sikufungua.

Shoga yangu wa jirani alinipigia. Alitaka kujua kulikoni.

"Tumepata msiba kidogo," nikasema, na nilikuwa nimekwishasema.

"Pole jamani. Nani?"

"Ni... upande wa mama mkwe."

Jioni walifika watu wanne wa sokoni, wamejifunga kanga, wamebeba sukari na unga. Waliingia kwa unyenyekevu wakakaa chini kwenye mkeka. Mume wangu alitoroka kupitia mlango wa uani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Nilimtazama kumwomba radhi, naye akanitazama kwa macho yote mawili, maana la pili lilikuwa limeshapasuliwa, akaelewa kila kitu.

"Poleni sana, mama," shoga yangu akasema.

"Tumeshapoa."

"Alikuwa anaumwa?"

"Uzee tu. Na kifua kilikuwa chepesi tangu zamani."

"Ameacha watoto?"

"Hakujaliwa. Alikuwa na mdogo wake, naye alitangulia mwezi ule."

Waliguna kwa huzuni. Mmoja akauliza kama atazikwa Buigiri. Mama mkwe akasema tumeshamsitiri hapahapa nyumbani, kwa haraka, ndivyo alivyopenda. Wakaomba tuwe na subira, wakasoma dua wenye dini yao, na mama mkwe akaitikia amina kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga usoni, na wale wenzangu wakanishika mabega wakijua nalia. Kwa kiasi fulani walikuwa sahihi.

Walipoondoka, mama mkwe alinyoosha mkono akachukua ule mfuko wa sukari, akaupima kwa kiganja.

"Watu wema," akasema. "Weka maji ya chai, mkwe, na umwambie yule atoke uani kabla mbu hawajammaliza."